Sindano ya kuzuia balehe kwa mtoto wa miaka 6
Dada wa Ujiji, umeuliza kama sindano aliyotajiwa binti yako wa miaka 6, aliyeanza kuota matiti, ndiyo ile inayogombaniwa Uingereza, na kama itamfanya mgumba. Dawa ni ya kundi lile lile, sababu ndiyo tofauti. Kule mjadala ni juu ya vijana wanaohisi jinsia yao si ile waliyozaliwa nayo. England walisitisha kuwapa kwa utaratibu wa kawaida Machi 2024, wakisema ushahidi hautoshi. Kwa mtoto anayebalehe kabla ya wakati (msichana chini ya miaka 8, mvulana chini ya 9) haikukatazwa, na imetumika tangu miaka ya 1980.

Sindano hizi, leuprorelini au triptorelini, huituliza tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, nayo huacha kuamsha ovari. Bila hivyo estrojeni, homoni ya kike, humrefusha mtoto haraka sasa hivi, kisha hufunga ncha za mifupa mapema, akabaki mfupi ukubwani. Sindano zikisimamishwa balehe huendelea, na wanawake waliotibiwa hivyo utotoni wanazaa.

Ila usikubali kuanza kabla ya vipimo: eksirei ya mkono wa kushoto kuona umri wa mifupa, damu kupima homoni, na kwa umri huu picha ya MRI ya ubongo. Anzia hospitali ya Maweni hapo Kigoma, omba rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Na tafadhali sana, mashangazi na majirani wasianze kumwita mwali. Bado ni mtoto.