Kabla ya Kubadili Baruti, Tazama Bendera

Mtu anayeingia katika mchezo wa kulenga shabaha bunduki ikiwa mezani, mbele imekaa kwenye egemeo na nyuma kwenye mfuko wa mchanga, kwa kawaida huja na swali moja: ninunue nini? Nimekuwamo katika mchezo huu muda wa kutosha kulisikia swali hilo kwa wageni wengi, na jibu langu huwaudhi baadhi yao, kwa kuwa nawaambia wanunue bendera za upepo kabla ya kitu kingine chochote, wazisimamishe kila siku wanayofyatua, hata ile inayoonekana shwari, na wasiguse kipimo cha baruti wanachojazia wenyewe kwenye maganda ya risasi mpaka wawe wamezizoea bendera hizo. Sehemu kubwa ya makosa ambayo watu huibebesha bunduki ni kazi ya upepo ambao hawakuuona.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Yapo mashindano ya mezani yanayotoa alama kwa kugusa katikati ya duara, lakini hapa nazungumzia yale ya makundi, ambayo hayajali risasi imeangukia wapi bali yanaangalia ukaribu wa matundu matano. Mpimaji huchukua kalipa, kifaa cha kupimia umbali mdogo sana, akapima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu lililo mbali nalo kuliko yote, kisha akatoa kipenyo cha risasi. Kinachobaki ni umbali kati ya vitovu vya matundu hayo mawili. Kwa risasi ya milimita 6, kipenyo hicho ni inchi 0.243. Ukijipimia mwenyewe jihadhari, kwa sababu karatasi hujirudi kidogo risasi inapokwisha kupita, tundu likawa dogo kuliko risasi yenyewe, na ukitoa 0.243 kamili utajipunjia kundi na kujisifu bure. Tafuta tundu lililo peke yake kwenye karatasi ileile, lipime, halafu utoe kipimo hicho.

Mwaka 1973 Mac McMillan wa Marekani alipiga kundi la risasi tano la inchi 0.009 kwa yadi 100, yaani mita 91.44, na rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2013, Mike Stinnett alipopiga inchi 0.0077. Namba hizo zinashangaza, lakini hazikusaidii kujua bunduki yako ina uwezo gani. Mashindano huamuliwa kwa wastani wa makundi kadhaa, kwa kawaida matano kwa kila umbali, na anayeshinda ni yule asiyekuwa na kundi baya, si lazima yule mwenye kundi dogo kuliko yote. Kwa hiyo karatasi ile moja iliyokunjwa vizuri, ambayo kila mlengaji ana ya kwake ya kuwaonyesha wenzake, haina maana yoyote kama haikuambatana na nyingine nne zilizopigwa mfululizo.

Jambo hili lina hesabu yake. Tuseme bunduki na mpigaji hawabadiliki hata chembe. Kwa bahati tu, makundi ya risasi tano yatakuwa makubwa kuliko ya risasi tatu kwa asilimia 27 hivi, na ya risasi kumi yatayazidi yale ya tano kwa karibu robo. Anayelinganisha aina mbili za baruti kwa kupiga risasi tatu tatu analinganisha bahati na bahati. Mimi siamini badiliko lolote mpaka nimelipigia makundi ya risasi tano zaidi ya moja, na ikiwezekana nimelirudia siku nyingine.

Kuhusu vifaa vyenyewe sitakaa sana, kwa sababu njia imekwisha kusafishwa na waliotutangulia. Kwa yadi 100 na 200, wengi hutumia aina ya risasi iitwayo 6 PPC, iliyobuniwa mwaka 1975 na Lou Palmisano na Ferris Pindell kutokana na ganda la risasi nyingine iitwayo .220 Russian. Bunduki ya daraja jepesi haizidi ratili 10.5, na ile ya daraja zito haizidi 13.5, uzito wa darubini ukiwamo. Mtutu ni mnene, kitako ni kipana na bapa upande wa mbele, na kifyatulio huachia kwa aunsi 2 hivi, ambazo hazifiki gramu 60. Darubini ya kukuza mara 36 au zaidi ni ya kawaida. Kubwa zaidi ya ukuzaji wake ni kuhakikisha paralaksi imeondolewa, yaani alama ya msalaba haihami juu ya shabaha unaposogeza jicho. Bunduki iliyotumika, iliyokuwa ikishinda mikononi mwa mwenyewe, ni bora kuliko mpya ambayo hakuna aijuaye, mradi mtutu wake haujachakaa.

Meza ndiyo inayostahili muda wako, na haigharimu chochote. Kabla sijaweka risasi hata moja, huilenga shabaha, kisha huisukuma bunduki taratibu mbele na nyuma juu ya egemeo huku nikitazama ndani ya darubini. Msalaba unapaswa kusafiri katika mstari mmoja, juu na chini, bila kuyumba kushoto wala kulia, na bunduki inaporudishwa mbele mpaka kizuizi, uangukie palepale ulipokuwa. Ukiyumba, egemeo la mbele halijanyooka na mfuko wa nyuma, au mfuko wa nyuma haukushindiliwa mchanga wa kutosha, ukawa unabonyea upande mmoja. Nimewahi kukaa karibu na mwenzangu aliyekuwa amekwisha kubadili baruti na risasi kwa sababu matundu yake yalikuwa yakitambaa kulia. Tulipoisukuma bunduki yake hivyo, msalaba ulikwenda pembeni kama mtu anayechechemea. Tulinyoosha mfuko, tukaushindilia, na yale makundi ya pembeni hayakurudi tena siku ile.

Namna ya kuishika bunduki ni hiari ya mtu. Wapo wanaoiacha irudi yenyewe bila kuigusa isipokuwa kidole kwenye kifyatulio, na wapo wanaoiegemezea bega kidogo. Zote mbili zimeshinda mashindano. Isiyoshinda ni ile inayobadilika katikati ya kundi, bega likigusa risasi ya kwanza na ya pili, kisha likajitenga kwa woga kwenye ya tatu.

Sasa tuje kwenye upepo. Chukua risasi ya milimita 6 yenye uzito wa greni 68, yaani gramu 4.4 hivi, inayotoka kwenye mtutu kwa mwendo wa futi 3,300 kwa sekunde. Upepo wa maili 1 tu kwa saa, ukiikata kwa pembe mraba, utaisogeza takriban inchi 0.08, yaani milimita 2, ifikapo yadi 100. Upepo wa kiasi hicho huusikii usoni. Moshi huuonyesha, jani halitikisiki. Lakini kwa mtu anayetafuta wastani ulio chini ya robo ya inchi, tayari umekwisha kula theluthi ya nafasi yake. Ukivuma kutoka kushoto kwa risasi mbili za kwanza, kisha ukageuka ukavuma kutoka kulia kwa kiasi kilekile, matundu yametengana mara mbili ya hapo, na mpigaji asiye na bendera ataapa kwamba bunduki imegawa kundi. Kwa yadi 200 kosa hilo huongezeka zaidi ya mara nne, wala si mara mbili kama wengi wanavyodhani.

Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwapo walengaji waliojifungia ndani ya ghala moja kubwa mjini Houston, Marekani, wakafyatulia humo mahali pasipo upepo wala mazigazi, yaani hewa ya moto inayochezesha picha ya shabaha, ili wajue bunduki yenyewe ina uwezo gani. Wengi wetu hatuna ghala, kwa hiyo inatubidi kuusoma upepo badala ya kuufungia nje.

Simamisha bendera nne au tano kati ya meza na shabaha, chini kidogo ya njia ya risasi, zikiwa zimepangwa ili uweze kuziona zote kwa kuinua jicho kidogo tu kutoka kwenye darubini. Bendera nzuri ina mshale unaoonyesha mwelekeo na utepe wa nyuma unaoonyesha nguvu. Utepe ukining'inia karibu wima upepo ni dhaifu, na kadiri unavyoinuka kuelekea usawa ndivyo unavyozidi. Zipe uzito zaidi zile zilizo karibu nawe. Upepo ukiipotosha risasi mapema, upotovu huo husafiri nayo na kukua mpaka kwenye karatasi, wakati ule unaoipata karibu na shabaha hauna tena nafasi ya kufanya madhara mengi. Watu hufanya kinyume, kwa sababu bendera ya mwisho ndiyo inayoonekana ndani ya darubini.

Zingatia pia kwamba upepo hausukumi kwa ulalo peke yake. Mtutu ukiwa na msokoto wa kulia, yaani mifereji yake ya ndani ikiizungusha risasi kuelekea kulia, upepo unaotoka kulia huipeleka risasi kushoto na juu kidogo, na unaotoka kushoto huipeleka kulia na chini kidogo. Kwa hiyo kundi lililojipanga mshazari, kutoka juu kushoto hadi chini kulia, ni sahihi ya upepo iliyoandikwa kwenye karatasi. Kundi lililosimama wima, moja juu ya jingine, ndilo linalonifanya niishuku baruti, kina cha risasi ndani ya ganda, pini ya kugongea fataki inayowasha baruti, au namna ninavyoishika bunduki. Ukishika tofauti hiyo tu, umejiokoa na nusu ya majaribio yasiyo na maana.

Katika mashindano ya risasi tano mpigaji hupewa dakika 7, na kwenye karatasi ileile, chini ya shabaha ya kumbukumbu, ile ambayo kundi lake huhesabiwa, ipo shabaha ya majaribio ambayo anaweza kuifyatulia atakavyo katika muda huo. Dakika za mwanzo mimi huzitumia kutazama tu. Upepo huwa na hali moja inayorudi mara nyingi kuliko nyingine, na hiyo ndiyo ninayoichagua. Nafyatua kwenye shabaha ya majaribio katika hali hiyo nione risasi inaangukia wapi, kisha nafyatua nyingine katika hali iliyo kinyume, ili ikinitokea ghafla nijue nilenge wapi. Hali niliyoichagua ikirejea, nahamia kwenye shabaha ya kumbukumbu na kupiga haraka, risasi baada ya risasi, macho yakiwa zaidi kwenye bendera kuliko kwenye matundu. Utepe wa bendera moja ya karibu ukishuka, nasimama. Kusimama ni kugumu zaidi ya kufyatua, hasa unapokuwa na matundu matatu yaliyolaliana na ukaona mbili zilizobaki kama zimekwisha kuwa zako. Rudi kwenye shabaha ya majaribio, uliza upepo unataka nini, ndipo uendelee.

Jua likikaza, mazigazi hupanda kutoka ardhini na picha ya shabaha ikaanza kuelea. Huioni shabaha ilipo, unaiona pale hewa ya moto ilipoisogeza. Hapo usikimbizane na picha inayocheza. Subiri ipungue, au lenga wakati inaelea upande uleule kila mara.

Baruti huja baada ya hayo yote, na ina haki yake. Chemba za bunduki hizi, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo ganda hukaa, hukatwa kwa vipimo vikali. Shingo ya chemba ya 6 PPC mara nyingi ni inchi 0.262, na shingo za maganda hukwanguliwa mpaka unene wake uwe sawa kuzunguka, ili ganda lenye risasi libaki na nafasi ndogo mno humo ndani. Chagua maganda machache mazuri uyatumie tena na tena. Kipimo cha baruti kisivuke kamwe kile kilichochapishwa na mtengenezaji wake, na kuanzia chini ni lazima, haijalishi jirani yako mezani anatumia kiasi gani. Joto na unyevu vinapobadilika kati ya asubuhi na mchana, kipimo kilichokuwa kikipiga tundu moja kinaweza kuanza kusimamisha matundu wima, na ndiyo sababu wapigaji wengi wa 6 PPC hujazia maganda yao uwanjani, kati ya kundi na kundi. Hapo badilisha jambo moja tu. Ama baruti, ama kina cha risasi. Ukibadili yote mawili na kundi likapona, hutajua ni dawa ipi iliyoponya.

Mtutu husafishwa baada ya kila kundi moja au mawili, fimbo ikiingizwa kutoka upande wa chemba kupitia bomba la kuiongoza, usije ukakwaruza mwanzo wa mifereji ya ndani. Risasi moja au mbili za kwanza baada ya usafi huwa na tabia zake, kwa hiyo zipeleke kwenye shabaha ya majaribio. Bolti, komeo linaloifunga chemba, haikai ndani ya bunduki mpaka msimamizi wa uwanja atoe ruhusa, na hilo halina mjadala.

Kwenye kila karatasi ya mazoezi andika pembeni, kwa kalamu, saa, joto, kipimo cha baruti na mwelekeo wa upepo uliouchagua, pamoja na mshale mdogo kando ya kila tundu ulilojua limepotea kabla hata hujaliona, kwa kuwa bendera ilikwisha kukwambia wakati kidole kinakaza. Karatasi zikifika kumi hivi zitandaze sakafuni, utenge zenye mishale na zisizo nayo. Matundu yaliyopotea bila mshale ndiyo ya kupeleka kwenye meza ya kujazia baruti. Mengine yapeleke kwenye mazoezi ya upepo.