Kabla ya Kusakinisha Linux kwenye Kompyuta ya Mtu

Katika kazi yote ya kusakinisha Linux, mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows au kukaa kando yake, kwenye kompyuta mpakato, ukurasa unaostahili kuogopwa ni mmoja tu: ule unaokuuliza mfumo mpya uwekwe wapi kwenye diski. Ukikosea lugha, kibodi au jina la mtumiaji, utarekebisha baadaye. Ukikosea hapo, faili za mwenye kompyuta zimekwenda na maji. Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa katika miaka yangu ya mwanzo nilimfutia mwalimu mwenzangu maandalio ya masomo na alama za wanafunzi za miaka mitatu. Mbele yangu palikuwa na chaguo la kuweka Linux kando ya Windows na chaguo la kufuta diski nzima, nami nilikuwa nikizungumza na mtu huku kidole kikibonyeza. Alinisamehe, lakini likizo yote ya Desemba aliimaliza akinakili alama upya kutoka kwenye madaftari. Kwa hiyo mengi ninayokuandikia wewe unayeanza yanahusu yale yanayotangulia ukurasa huo.

Wanaohitaji kazi hii wameongezeka, kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo, kwa upande wa Intel, kwa kawaida huanzia kizazi cha 8. HP EliteBook 840 G3 yenye prosesa ya kizazi cha 6, kompyuta ya mtumba iliyo imara kabisa, haifiki hapo. Kwa mtu anayehama kutoka Windows mimi hupendekeza Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux: menyu yake iko pale mkono ulipozoea kwenda, na RAM ya gigabaiti 4 inaitosha.

Faili ya Linux Mint ya kupakua inakaribia gigabaiti 3, nayo ikikatika katikati kwa sababu ya bando kuisha au mtandao kuyumba, inaweza kuonekana nzima huku imeharibika. Usianze kuiandika kwenye flashi kabla ya kuikagua. Ndani ya Windows, fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili na neno SHA256. Msururu wa herufi na tarakimu utakaotokea ulinganishe na ule uliotolewa na watengenezaji. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya. Baada ya hapo flashi ya gigabaiti 8 na Rufus, programu ya kuiandika faili hiyo kwenye flashi, zitatosha, ila kumbuka kwamba kila kilichomo kwenye flashi hiyo kitafutwa.

Sasa mgeukie mwenye kompyuta. Nakili faili zake kwenye diski ya nje, kisha uzifungue mbili tatu ukiwa kwenye kompyuta nyingine, maana nakala ambayo haijafunguliwa bado ni matumaini tu. Muulize pia kuhusu BitLocker, kufuli ya diski ya Windows. Kompyuta nyingi za karibuni zina diski iliyofungwa kwa usimbaji bila mwenyewe kujua, na ukigusa mpangilio wa kuwasha, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Auandike karatasini kabla hujagusa chochote. Ikiwa Windows itabaki, punguza nafasi yake ukiwa ndani ya Windows yenyewe, na uzime ule mwasho wa haraka (Fast Startup), kwa sababu huiacha diski katika hali ya nusu usingizi ambayo Linux haiwezi kuiandikia kwa usalama.

Washa kompyuta kwa flashi. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni kitufe cha F12, kwenye HP ni F9. Linux Mint itafunguka bila kugusa diski, na hapa ndipo wanaoanza huwa na haraka isiyo na sababu. Kaa nusu saa. Jaribu waifai, sauti, kamera, kupunguza mwanga wa skrini, kufunga kifuniko na kukifungua. Waifai za Broadcom husumbua mara kwa mara kwa kukosa draiva, yaani programu inayoendesha kifaa. Unganisha simu kwa waya wa USB, uitumie kama chanzo cha intaneti, kisha uisakinishe draiva kutoka kwenye kidhibiti cha draiva.

Ukifika kwenye ukurasa ule, chomeka chaja, umeme ukikatika betri iendelee, na usizungumze na mtu isipokuwa mwenye kompyuta. Soma ukubwa wa kila diski kwa sauti: ya gigabaiti 8 ni flashi yako, ya 256 ndiyo yake. Ukigawa diski kwa mkono, ile partisheni ndogo ya EFI, sehemu ya diski yenye faili za kuwashia mfumo, itumie kama ilivyo bila kuifomati, kwani Windows nayo huanzia humo.

Limebaki jambo dogo linalowatia watu hofu. Linux huihesabu saa ya ndani ya kompyuta kuwa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows huichukulia kuwa ya mahali ulipo, na sisi wa Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele ya UTC. Ndiyo maana mtu akitoka Linux kuingia Windows saa nne asubuhi hukuta inaonyesha saa moja, akadhani kompyuta imeharibika. Fungua terminali ya Linux, yaani dirisha lake la amri, andika timedatectl set-local-rtc 1, kisha washa Windows mkiwa pamoja, ahakikishe saa iko sawa na faili zake zinafunguka, ndipo umkabidhi kompyuta na chaja yake.