Geko chui: huo mchanga wa Watamu usiutie kabisa

Ndugu yangu, kabla hujapanda matatu kwenda kuchota huo mchanga, nisome kwanza. Umesema geko chui wako, yule mjusi wa madoa anayefugwa nyumbani, anafika Malindi wikendi hii, tangi la kioo umeshapata, na anayekuuzia amekwambia utandaze mchanga mweupe wa Watamu kwa sababu "ni mnyama wa jangwa na ule mchanga ni kalsiamu tupu." Halafu ukauliza alishwe nini, na stima ikipotea ufanyeje. Mimi nimekwama hapo kwenye mchanga. Maneno hayo hayo niliambiwa na muuzaji mmoja Mombasa, na geko wangu akafa.

Usitie mchanga. Si wa Watamu, si ule wa Mambrui unaometameta, wala ule wa rangi unaouzwa kwenye mifuko iliyoandikwa kalsiamu.

Uongo huu unaaminika kwa sababu nusu yake ni kweli. Mchanga mweupe wa Watamu umetokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, na hiyo ni kalsiamu kabonati, jamii moja na chokaa. Lakini tumboni mwa geko hauyeyuki kwa kasi anayoumeza. Na ataumeza tu. Mtazame anavyowinda: anatulia, ncha ya mkia inatikisika, kisha anamrukia nyenje mdomo wazi. Akimkosa, anafumba mdomo umejaa sakafu. Akimpata, nyenje mwenyewe kaja na chembe zimemganda miguuni. Tena ana tabia ya kulamba kila anapopita, ndivyo anavyojua mahali alipo. Na mdogo aliyepungukiwa kalsiamu huula mchanga kwa makusudi, kwa hiyo huo unaosifiwa kwa kalsiamu ndio atakaoukazania zaidi.

Wangu alianza kwa kukosa choo. Geko chui huwa na kona moja anayojisaidia, na kona ile ikabaki kavu. Nikampigia muuzaji, akasema ni hali ya hewa, atakula akitaka. Mkia, ambamo huweka akiba ya mafuta, ukaanza kukonda. Kisha miguu ya nyuma ikawa inaburuta. Nilipomwinua nikamtazama kwa chini, tumbo lilikuwa gumu na upande mmoja una kivuli cha buluu chini ya ngozi. Daktari wa mifugo aliyempokea hushinda na mbuzi na punda, lakini alimpapasa kwa ncha ya kidole, akaniambia kilichomo kimeshikana kama saruji. Tukamweka kwenye maji ya vuguvugu, tukamkanda tumbo taratibu. Wapi. Alikufa usiku ule, macho ameyafumba, maana hawa wana kope, tofauti na mjusi kafiri wa ukutani. Binti yangu ndiye aliyemkuta asubuhi.

Nilipomrudia yule muuzaji akanijibu kwamba wateja wengine hawajalalamika. Pembeni ya kila tangi alikuwa amepanga mifuko ya mchanga ya kuuza! Mtu anakukabidhi kiumbe kinachoweza kuishi miaka 15 hadi 20, na kuhusu sakafu yake anakudanganya ili auze mfuko mmoja zaidi. Sikumsamehe, na nikisikia mwingine anaimba wimbo ule ule damu inanichemka.

Hata hilo la jangwa ni kupotosha. Kwao ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, na anapoishi ni nchi kavu ya mawe na udongo mgumu ulioshikana. Hazami mchangani. Hujificha kwenye nyufa za mawe. Na Watamu penyewe ni hifadhi ya bahari tangu 1968, si mahali pa kwenda na gunia.

Weka taili. Nenda kwa fundi yeyote anayejenga, atakupa vipande vilivyobaki, uchague vyenye uso wa kukwaruza ili miguu isiteleze. Hana vidole vya kunata, ana kucha tu. Taili inashika joto, inafutwa kwa kitambaa, na choo chake unakiona mara moja. Kama bado ni mdogo sana, karatasi za jikoni zinatosha. Mwekee maficho mawili, upande wa joto na upande wa baridi, na la tatu lenye kitambaa kibichi ndani ili ajivue ngozi vizuri. Ngozi ikibaki imekaza vidoleni, vidole hukatika.

Stima isikutie hofu sana huku kwetu. Upande wa joto unataka nyuzi 31 hadi 33, na wakati wa kaskazi chumba cha mabati kinafika hapo chenyewe, hata kupita, kwa hiyo chunga tangi lisipigwe na jua. Usiku wa kusi ndio utauhitaji mkeka wa umeme wa kulipasha tangi joto, na uwe na kidhibiti joto. Stima ikikatika muda mrefu kukiwa na baridi, usimlishe mpaka joto lirudi, kwa sababu bila joto chakula hakisagiki tumboni.

Kalsiamu apewe kwenye chakula. Nyenje wa kufugwa, wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, uwatikise ndani ya mfuko wenye poda ya kalsiamu yenye vitamini D3 kabla ya kuwatupia. Mende wa nyumbani hapana, huwezi kujua jirani kapuliza dawa gani. Wanaofuga mabuu ya nzi askari weusi kwa ajili ya kuku wanaweza kukuuzia kidogo, yana kalsiamu nyingi yenyewe. Na bakuli la kulia liwe juu ya taili, sijui kama nimelisema.

Kama mchanga umeshautandaza, utoe leo kabla hajafika, na tangi ulioshe kwa maji mengi hadi pembeni. Akishafika, mpige picha tumboni kwa chini ya kioo, na nyingine ya choo chake cha kwanza, uzitie hapa. Nitazitazama.