Rojo ya tufaha ya maikrowevu imeota ukungu, niongeze dakika ngapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Huwa nakata tufaha moja, naweka kwenye kikombe na vijiko 2 vya sukari na mdalasini, maikrowevu dakika 3, naponda inakuwa rojo tamu sana ya kupaka mkate. Juzi kati nikaona video wanasema ukiimimina ya moto kwenye chupa ya kioo, ukafunga na kuigeuza kichwa chini, inakaa kabatini miezi 6 bila friji kwa sababu mawimbi ya maikrowevu yanaua vijidudu vyote. Nikajaribu, wiki ya pili nikakuta ukungu kidogo juu, nikautoa na kijiko. Je niongeze dakika ngapi? Na iliyobaki naweza kula?

JIBU: Dada yangu, nianze na iliyobaki: tupa yote. Usionje, usiichemshe tena, usimpe mtu. Huo uliotoa na kijiko ni ule unaoonekana tu, nyuzi za ukungu zinashuka chini kwenye rojo laini kama hiyo na huwezi kuziona. Kwenye matufaha kuna ukungu ambao sisi wa usindikaji tunauangalia kwa macho mawili, unaitwa Penicillium expansum, wa rangi ya bluu inayoelekea kijani, unatoa sumu inayoitwa patulini na moto wa jikoni hauimalizi. Kwa kuangalia tu huwezi kujua wako ni upi. Sumu hii imewekewa kikomo Ulaya na Marekani, mikrogramu 50 kwa kilo ya juisi ya tufaha. Mikrogramu jamani, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu, sio gramu! Kwa hiyo pia wale mnaochukua tufaha lililooza nusu mkisema "si napika tu", acheni.

Sasa hili la dakika. Napata swali hili kila mara kwa sura tofauti na kila mara nyuma yake kuna video ya mtu ambaye hajawahi kupima chochote. Mawimbi hayaui vijidudu. Yanatikisa molekuli za maji, maji yanapata moto, na moto ndo unaua, basi, moto ule ule wa sufuria. Tofauti ni kwamba maikrowevu inaupeleka moto bila usawa, kikombe hicho hicho upande mmoja unatokota na mwingine ni vuguvugu, ndo maana sahani inazunguka na ndo maana unatakiwa usimamishe katikati ukoroge. Halafu hata kama ungefanikiwa kuua kila kitu humo, unafungua mlango, unaingiza kijiko, unamimina kwenye chupa nyingine, na mbegu za ukungu zipo hewani saa zote. Ulichoua dakika moja iliyopita umeshakirudisha.

Na kinachofanya jamu ikae muda mrefu sio kuchemka peke yake. Jamu ya kawaida ina tindikali ya tunda, inafungwa kwa utaratibu wake, na karibu asilimia 65 yake ni sukari na yabisi nyingine (yabisi ni kila kisicho maji), maji yaliyobaki yameshikwa na sukari kiasi kwamba viumbe wengi hawawezi kuyatumia. Tupige hesabu ya kikombe chako. Tufaha lililomenywa tuseme gramu 180, maji ni kama asilimia 85, kwa hiyo yabisi ni gramu 27 hivi. Vijiko 2 vikubwa vya sukari ni gramu 25. Jumla yabisi gramu 52 kwenye mchanganyiko wa gramu 205. Maikrowevu ya wati 800, hata tukiipendelea tukasema nguvu yote inaingia kwenye chakula, inatumia zaidi ya dakika nzima kufikisha mchanganyiko kwenye kuchemka, muda unaobaki unaweza kukausha kama gramu 37 za maji. Unabaki na gramu 168, yabisi asilimia 31. Hujafika hata nusu ya jamu! Ni tufaha la kupondwa lenye sukari, tamu kweli, ila ukungu nao unalipenda. Ili ufike 65 unatakiwa ukaushe gramu 125 za maji, na kabla hujafika huko rojo inakuwa nzito inaanza kuruka kwa mapovu yenye moto kuliko maji yanayochemka, yanashika ngozi hayatoki haraka, nimeona mikono iliyoungua hivyo.

Kugeuza chupa kichwa chini nako watu wamekushikilia kama dini. Ule mlio wa kifuniko, "tok", unakuambia mvuke umepoa na hewa ndani imepungua, haukuambii chakula ni salama. Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ina miongozo ya usindikaji wa nyumbani ya miaka mingi, inakataa kusindika chupa kwa maikrowevu. Na tafadhali msiweke chupa iliyofungwa ndani ya maikrowevu, itapasuka.

Wewe endelea na kikombe chako, ni kizuri, kipike ule siku hiyo. Ikibaki weka friji kwenye nyuzi 4 au chini yake, uimalize ndani ya siku tatu nne, ukitaka ikae zaidi gandisha. Basi.

Kinachonitisha kuliko ukungu wako ni watu wanaochukua video hiyo hiyo wakabadilisha tunda. Tufaha lina asidi nyingi, pH yake (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) inacheza kwenye 3.3 hadi 4, na bakteria wa Clostridium botulinum hawawezi kukua chini ya 4.6, kwa hiyo wewe ulilindwa na tunda lenyewe. Sasa mtu anaongeza ndizi mbivu iwe laini, au anaweka boga badala ya tufaha, au karoti, au kitunguu saumu kwenye mafuta, pH inapanda na inaweza kuvuka hapo, anafunga chupa hewa inaisha, na bakteria huyu hukua pasipo hewa, anaiweka kabatini kwenye joto la chumba. Mbegu za bakteria huyu zinavumilia maji yanayochemka, kuzimaliza kunahitaji nyuzi 121 kwenye mtungi wa presha kwa muda uliopimwa, na sumu yake mara nyingi haina harufu, haina rangi, haioti kitu juu cha kukushtua kama ulivyoshtuka wewe, inapoozesha misuli mpaka ya kupumulia. Mtu akikuonyesha boga la maikrowevu kwenye chupa akasema linakaa miezi 6, mwulize alipima pH ngapi na presha ngapi, akikujibu "bibi yangu alikuwa anafanya hivi", usile.