Baka linalopungua kwa krimu kisha kurudi: jibu kwa ndugu wa Kaliua

Ndugu yangu wa Kaliua, umeuliza kwa nini baka la mviringo lililo shingoni mwa shemeji hupungua kila anapopaka krimu ya mchanganyiko, kisha hurudi likiwa pana zaidi, na kama inafaa mpande treni kwenda Mwanza kwa daktari wa ngozi. Mimi si daktari. Ninauza katika duka la dawa muhimu hapa Tabora mjini, na suala kama hilo huletwa dukani mara kwa mara, hasa joto la Oktoba linapokolea.

Krimu hizo huwa na dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali, mara nyingi betamethasoni. Steroidi hutuliza mwasho kwa siku chache, na hapo watu husema dawa imekubali, ilhali imedhoofisha kinga ya ngozi mahali pale, na fangasi wanazidi kutambaa chini kwa chini. Ukingo wa baka, ambao kwa kawaida huinuka na kuwa na magamba madogo, hufifia kiasi kwamba hata mganga mzoefu anaweza kupotea. Yakiwa ni mashilingi ya kawaida, yaani mabaka ya mviringo ya fangasi, krimu ya fangasi ya klotrimazoli peke yake hutosha: mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, ipakwe kuvuka kidogo ukingo wa baka, na isiachwe siku baka linapofutika. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu, kwa sababu dawa haifiki kwenye mizizi ya nywele. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa.

Mteja akilalamika mwasho, mimi humuuliza unamzidia saa ngapi, na nani mwingine nyumbani anajikuna. Mwasho unaokolea usiku, wenye vipele katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono na kiunoni, na ambao umewashika watu wawili au watatu wa nyumba moja, karibu kila mara ni upele, ugonjwa wa wadudu wadogo wanaochimba ngozi, na hautakwisha mpaka wote watibiwe siku moja, hata asiyejikuna, na nguo na mashuka yafuliwe. Mwasho unaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya wadudu kufa, jambo linalowafanya wengi wapake dawa upya bila sababu.

Ninayemhofia zaidi ni yule ambaye baka lake haliwashi kabisa. Mkulima mmoja wa tumbaku alikuja kuongeza dawa ya fangasi kwa ajili ya baka jeupejeupe kwenye mkono. Nilisokota pamba ikawa na ncha nyembamba, nikamwambia afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila nilipomgusa. Alipatia kote, isipokuwa ndani ya baka, ambamo hakujua hata kama ameguswa. Sikumuuzia kitu, nilimwelekeza kituo cha afya, ambako alianzishiwa dawa za ukoma, ambazo hutolewa bure na humezwa kwa miezi 6 au 12 kutegemea aina. Ukoma hutibika, lakini neva iliyokwisha kuharibika ni vigumu kuirudisha.

Kwa hiyo Mwanza isubiri. Shemeji aache krimu hiyo, ingawa mwasho unaweza kupanda kwa muda, na aende kituo cha afya akakwanguliwe magamba yapimwe kwa hadubini. Kama hakuna jibu, apewe rufaa kwenda Kitete, hospitali ya mkoa hapa Tabora, na kutoka hapo Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza. Wa kupelekwa haraka ni mwenye doa jeusi linalokua unyayoni au chini ya kucha, mwenye ualbino aliye na kidonda kisichofunga, na kijana aliyepata mkanda wa jeshi, ambaye apime pia VVU. Anayetoka malengelenge na vidonda vya mdomo na macho baada ya kumeza dawa mpya aiache na akimbizwe hospitali siku hiyohiyo.

Mnapokwenda, bebeni maboksi ya kila dawa aliyopaka, hata yaliyokwisha, pamoja na picha ya baka kama mliipiga kabla ya krimu ya kwanza, maana hiyo ndiyo sura halisi ambayo daktari hataiona tena kwenye ngozi.