Maswali ya Afya: Simu Chini ya Mto wa Mwanafunzi

SWALI: Mhariri, salaam nyingi. Kijana wangu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni, ambako simu haziruhusiwi. Akija likizo huichukua simu ya baba yake na kulala nayo chini ya mto, kisha asubuhi huamka na macho mekundu, kichwa kinamgonga, na hataki kusemeshwa na mtu. Jirani mmoja anasema mionzi ya simu itamletea saratani ya ubongo; mwingine anaulaumu mnara uliojengwa kilimani karibu nasi. Nifanye nini?
Mama wa mwanafunzi, Jinja

JIBU: Pole kwa wasiwasi huo, mama. Nianze na saratani, kwa kuwa ndiyo inayokunyima amani. Simu huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio, ambayo hayana nguvu ya kuharibu chembe za urithi kama iwezavyo mionzi ya eksirei. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi hayo katika kundi la 2B, yaani la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni haba, na habari hiyo ikaenea mitaani bila sehemu yake ya pili. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2024 hayakuona uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa watu walioitumia kwa miaka 10 na zaidi. Ama mnara wa kilimani, mawimbi yanayomfikia mtoto kutoka huko ni hafifu kuliko ya simu aliyoibandika sikioni; tena pale mtandao unapokuwa dhaifu simu huongeza nguvu ili iufikie mnara, kwa hiyo kuung'oa kusingemsaidia.

Kwa maelezo yako, ninachokihofia zaidi ni usingizi. Kijana wa umri wake anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Anapojifunika blanketi saa sita za usiku, kioo cha simu kikimmulika kwa umbali wa shubiri moja, mwanga ule huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Na hata akiupunguza, ujumbe wa kundi la wanadarasa wenzake ukiingia humfanya akae macho akingoja unaofuata. Anayekikazia kioo macho hupepesa kope mara chache, ndiyo maana macho hukauka na kuwa mekundu, na hasira za asubuhi ni za mtu ambaye hakulala.

Nakusihi usimnyang'anye simu kwa ugomvi, maana ataitafuta kwingine, na ni kweli kwamba shule zetu zilipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020 baadhi ya wanafunzi walisomea kwenye simu hizo hizo. Kubalianeni kwamba ifikapo saa tatu za usiku simu zote za nyumba, ya baba ikiwemo, zinabaki sebuleni, na kama kijana anahitaji kengele ya kumwamsha, anunuliwe saa ya mezani. Simu inayochajiwa chini ya mto yaweza kupata joto kali hata ikawaka, na hilo peke yake latosha kuiondoa kitandani. Mchana, akisoma kwa simu, kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, na atoke nje kucheza, kwa kuwa watoto wanaokaa nje juani hupata kwa uchache tatizo la kutoona mbali. Akilala vizuri kwa wiki mbili na kichwa kikaendelea kumgonga, mpeleke kituo cha afya apimwe.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi. Nikivua visikizi usiku, masikio yanavuma. Je, nitakuwa kiziwi?
Msomaji, Mbale

JIBU: Mvumo huo ni onyo, mwanangu. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani linapendekeza sauti isizidi desibeli 75 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 za wiki, kwa hiyo punguza sauti na upumzike mara kwa mara. Mvumo ukidumu zaidi ya siku mbili, mwambie mzazi akupeleke kwa daktari wa masikio.