Barua kwa mwanangu: Tiketi ya yuro 19 na safari ya siku tano

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema una yuro 300 ulizojiwekea, wewe na mwenzako mna siku tano mwishoni mwa Oktoba, na mmeona tiketi ya ndege ya yuro 19 kutoka Berlin kwenda Milan. Unauliza muikamate, au mtafute mji mwingine wa Ulaya ulio nafuu.

Msiikamate. Yuro 19 ni bei ya kiti, na katika safari fupi kiti ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Kinachomaliza pesa ni siku zenyewe: kitanda, sahani ya chakula, na nauli ya kutoka uwanja wa ndege. Ndege nyingi za bei hizo hazitui Milan kwenyewe, zinatua Bergamo, kama kilomita 50 kutoka mjini, kwa hiyo basi la kwenda na kurudi linaongeza zaidi ya nusu ya bei ya tiketi. Begi la bure ni lile dogo la kuingia chini ya kiti cha mbele. Likizidi kipimo, mnatozwa langoni kwa bei inayoweza kupita nauli yenyewe. Kitanda cha hosteli Milan mara nyingi kinakula pesa ya vitanda viwili kwingineko, na juu yake kuna kodi ya wageni kwa kila usiku. Ukijumlisha, yuro 300 zinakwisha siku ya tatu. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Kabla ya kuchagua mji, tazama karatasi zako. Kibali chako cha ukaazi cha Ujerumani, kikiwa pamoja na pasipoti iliyo hai, kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana viza moja, hadi siku 90 katika kila siku 180, bila viza nyingine. Uingereza, Ireland na Cyprus hazimo, kwa hiyo msishawishike na tiketi ya London au Dublin. Croatia iliingia Schengen mwaka 2023. Bulgaria na Romania ziliingia kikamilifu tarehe 1 Januari 2025, na hizo ndizo zimefungua milango ya safari za bei ndogo. Angalia tarehe ya mwisho ya kibali chako na cha mwenzako. Kama kimoja kinaisha mwezi huohuo au kiko ofisini kinahuishwa, pateni kwanza jibu la ofisi ya wageni. Na mbebe pasipoti zenyewe na kadi zenyewe. Picha kwenye simu haihesabiki. Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na Poland nayo imefanya ukaguzi upande wake tangu 2025. Askari hupanda ndani ya basi na kuomba hati za kila mtu, hasa wakati wa kurudi.

Mkipanda ndege, liko jambo jingine ambalo wenzenu wenye pasipoti za Ulaya hawalijui. Mashirika kadhaa ya bei ndogo hutaka abiria asiye raia wa Umoja wa Ulaya apitishe hati zake kwenye dawati la shirika kabla ya ukaguzi wa usalama, hata kama ameshajisajili kwa simu. Ukikurupuka moja kwa moja hadi langoni, unaweza kurudishwa huku ndege inafungwa. Fikeni saa mbili na nusu kabla.

Sasa mji. Kwa pesa yenu na mahali mlipo, ningechagua Kraków, kusini mwa Poland. Kuna treni ya moja kwa moja kutoka Berlin, na mabasi yapo mchana na usiku. Vyote viwili huchukua kama saa saba hadi tisa za safari. Mnashukia katikati ya mji, mkiwa na begi la ukubwa mnaotaka. Basi la usiku linaokoa pesa ya kulala, lakini linawafikisha alfajiri, na hosteli nyingi hazitoi chumba kabla ya saa 8 au 9 mchana. Ulizeni kwanza kama mnaweza kuacha mizigo asubuhi. Bila hivyo mtazurura na mabegi kwenye baridi na kununua kahawa tano ili mpate pa kukaa.

Hesabu yako wewe mmoja niliipanga hivi: usafiri wa kwenda na kurudi yuro 70, vitanda usiku nne yuro 80, chakula yuro 15 kwa siku ambazo ni 75, viingilio na tramu yuro 45. Hizo ni 270. Zile 30 usiziguse. Ni za basi lililokuacha au kiatu kilichopasuka.

Mji mkongwe unatembeleka kwa miguu. Kutoka uwanja mkuu, Rynek Główny, hadi ngome ya Wawel ni robo saa ya mwendo wa taratibu, na kutoka hapo hadi Kazimierz, mtaa wa kale wa Wayahudi, ni kama hiyohiyo. Kila saa kamili tarumbeta inapigwa kutoka mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria na kukatika ghafla. Kuisikiliza ni bure. Sheria ya makumbusho ya Poland inataka siku moja ya bure kila wiki kwa maonyesho ya kudumu, na kila jumba lina siku yake, kwa hiyo angalia tovuti ya jumba lenyewe kabla ya kupanga ratiba. Jumatatu mengi yamefungwa.

Mgodi wa chumvi wa Wieliczka ndicho kiingilio kikubwa, zaidi ya zloti 100, pesa ya Poland (yuro moja ni zloti nne na kitu), lakini thamani yake ipo. Reli inayotoka uwanja wa ndege kupita kituo kikuu ndiyo inayoendelea hadi Wieliczka, kama dakika 25. Hamna haja ya basi la watalii linalotoza mara kadhaa ya nauli hiyo. Mnashuka ngazi karibu 380 mwanzoni tu, na ziara nzima ni ngazi kama 800. Chini joto ni nyuzi 17 au 18 mwaka mzima. Siku ya mvua ndiyo siku ya kwenda huko. Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi na sasa ni makumbusho, kilomita kama 70 kutoka mjini, haina kiingilio kwa anayezuru bila kiongozi, lakini ni lazima kuweka nafasi mapema kwa jina lililo kwenye pasipoti, na mkoba mkubwa hauingii. Msiiweke siku moja na Wieliczka. Moyo hautoki pale ukiwa tayari kwa matembezi mengine.

Chakula sasa, maana hapa ndipo utakapokosea kama hujaambiwa. Tafuteni mkahawa uitwao bar mleczny. Ni migahawa ya watu wa kawaida, unaagiza kaunta, unabeba sahani mwenyewe na kuirudisha. Mtu anashiba kwa zloti 25 hadi 35. Pierogi, aina ya sambusa ya kuchemshwa, zipo zenye viazi na jibini ziitwazo ruskie, na zipo za kabichi na uyoga. Ndani hazina nyama, lakini juu mara nyingi humwagiwa vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Sema kabla hawajapakua: bez skwarków, yaani bila hivyo vipande. Neno la nyama ya nguruwe ni wieprzowina, na smalec ni mafuta yake, yanayopakwa kwenye mkate. Supu ya żurek karibu kila mara ina soseji, iacheni.

Pesa badilisheni kwenye duka liitwalo kantor ndani ya mji, si kituoni wala uwanja wa ndege. Linganisheni bei ya kununua na ya kuuzia. Pengo likiwa kubwa, tokeni. Mashine ya benki au ya dukani ikiuliza ulipie kwa yuro au zloti, chagua zloti daima. Ukichagua yuro, mashine inakubadilishia kwa kiwango chake kibaya. Na tiketi ya tramu ikiwa ya karatasi, igongeshe muhuri mara unapopanda, maana isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo.

Kuhusu tarehe, nakusihi muiwahishe safari. Mapumziko ya shule za Berlin kwa kawaida yanaanza nusu ya pili ya Oktoba, na nauli zinapanda. Jumapili ya mwisho ya mwezi saa zinarudishwa nyuma, na baada ya hapo jua la Kraków linazama kama saa 10 na dakika 20 jioni; mwanzoni mwa Oktoba linazama saa 12 kupita kidogo. Tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya Watakatifu Wote, Poland nzima inakwenda makaburini, treni zinajaa na maduka yanafungwa. Masomo yenu yakianza katikati ya Oktoba, nendeni wiki inayofuata tarehe 3 Oktoba, Jumatatu hadi Ijumaa. Mtaikwepa pia Jumapili, ambayo maduka mengi makubwa ya huko hayafunguliwi.

Vuli ya huko si vuli yetu. Mvua yake ni nyembamba na ya siku nzima, na usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 5. Viatu visivyopitisha maji vinakufaa kuliko koti zito. Pumu yako nayo isisahauliwe: mji wenyewe umepiga marufuku makaa ya mawe tangu 2019, lakini moshi wa vijiji vya jirani hutuama bondeni jioni za baridi. Beba dawa ya kuvuta, na kadi yako ya bima. Kama ni bima ya umma ya Ujerumani, upande wa nyuma ndio kadi ya Ulaya inayokubalika kwenye hospitali za umma. Dharura ni 112.

Mkipata ndege ya bei nzuri ya Sofia, Bulgaria, nitafurahi vilevile. Metro inatoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji, wanatumia yuro tangu Januari 2026, na msikiti wa Banya Bashi wa karne ya 16 uko palepale katikati, jirani na chemchemi za maji moto ambapo watu hujaza madumu bure. Bulgaria ndiyo ningeichagua kama mwenzako hataki kukaa saa nane kwenye basi.

Nunueni tiketi ya kurudi kwanza, ndipo ya kwenda. Kisha nitumie jina la hosteli na namba ya basi.

Mama yako akupendaye